Chokoleti imegoma? Jinsi ya kujua tatizo liko wapi na kuliokoa darasa la wageni na watoto

Huku pwani chokoleti ina maadui wawili, joto na maji, ukishalielewa hilo umepata majibu ya zaidi ya nusu ya matatizo yote yanayotokea mezani. Naandika hii kwa ajili yenu mnaoendesha madarasa ya kutengeneza chokoleti kwa mikono, Unguja, Dar, Bagamoyo, Tanga, hata Moshi na Arusha japo kule juu mna nafuu ya baridi, yale madarasa ambayo msafiri wa siku mbili na familia ya hapa hapa mjini yenye watoto watatu wanakaa meza moja, mnaanza na punje za kakao za Kyela au bonde la Kilombero na baada ya masaa mawili matatu kila mtu anaondoka na kipande chake mkononi.

Jambo moja nalisema mapema. Kitu kikiharibika katikati ya darasa usikifiche na usikimbie nacho jikoni kwenda kukimwaga. Mgeni kaja kujifunza na hapo ndo anajifunza. Afu ile kakao mkulima kaivuna, kaivunja kibuyu (tunda lake) kimoja kimoja, kaivundika siku tano mpaka saba kwenye masanduku ya mbao, kaianika juani mpaka unyevu umebaki kama asilimia 7, sa unaimwaga kwa sababu ya matone mawili ya maji? Hapana. Chokoleti nyingi inayoonekana imekufa haijafa, unatakiwa tu usome dalili vizuri kabla hujafanya chochote.

Ilikuwa inatiririka, ghafla imekuwa donge

Hii ndo inayotisha watu kuliko zote. Unayeyusha juu ya mvuke, mambo yanaenda vizuri, inang'aa, dakika moja baadae imekaza, imepoteza mng'ao, inakatika katika kama ugali uliokosa maji na mwiko haugeuki. Sababu ni maji, tena kidogo sana. Chokoleti ni chembe za sukari na kakao zilizolowa mafuta, ndani yake maji karibu hakuna, sasa matone machache yakiingia sukari inayanywa, inakuwa nata, chembe zinashikana, kwishnei.

Tafuta maji yametokea wapi maana usipojua itarudia kwenye kundi la mchana. Mara nyingi ni mvuke, sufuria ya chini inachemka kwa nguvu na bakuli la juu ni dogo kuliko mdomo wa sufuria kwa hiyo mvuke unapanda pembeni na kushukia ndani. Au mwiko umeoshwa na kufutwa juu juu. Au mikono ya mtoto aliyetoka kunawa (na kunawa ni lazima, kwa hiyo weka taulo kavu pale pale kwenye sinki, sio mbali). Na kuna maji yanayoingia kwa jina lingine, vanila ya maji, asali, tangawizi mbichi ya kusaga, rangi za keki za maji, tui. Mgeni anaona viungo mezani anataka kuongeza kila kitu, ni haki yake, ila viungo viwe vya unga mkavu: iliki, mdalasini, karafuu kidogo sana maana inatawala, pilipili manga. Anayetaka tangawizi mbichi au tui la nazi mwambie sawa, hiyo tunaifanyia ganashi (chokoleti iliyochanganywa na krimu au tui ikabaki laini), chombo chake peke yake.

Kuokoa: maji hayatoki tena, usijaribu kuyakausha kwa moto, utaiunguza. Fanya kinyume chake, ongeza kimiminika zaidi. Pasha tui zito au krimu, au hata maji ya moto, ongeza kijiko kikubwa kimoja kimoja huku unakoroga kwa nguvu, hesabu angalau kijiko kikubwa kimoja kwa kila gramu 60 za chokoleti, utaona inaanza kulainika na kung'aa tena. Sukari ikipata maji ya kutosha kuyeyuka inaacha kushikana. Haitaganda tena ikawa kipande cha kukatika "tak", hilo lishapita, ila unayo ganashi safi, ipoze, watoto waviringishe vibonge kwenye unga wa kakao au nazi iliyokaushwa, na nakuhakikishia ndo meza itakayokuwa na kelele nyingi za furaha siku hiyo.

Usichanganye hili na kuungua. Iliyoingia maji harufu yake ni nzuri tu, iliyoungua ina harufu kali ya kuungua, ina madonge makavu na ukiionja inaacha uchungu nyuma ya ulimi. Nyeusi usiivushe nyuzi joto 50, ya maziwa na nyeupe ziishie 45 kwa sababu maziwa yanaungua mapema. Iliyoungua kweli haina dawa. Maji ya sufuria yasiguse bakuli, yakishachemka zima jiko kabisa, joto lililobaki linatosha kuyeyusha.

Haigandi, au imeganda ila laini na haing'ai

Hapa kuna sababu tatu tofauti na watu wanazichanganya kila siku.

Ya kwanza ni kutempa, yaani kuipasha chokoleti, kuipoza na kuipasha tena kwa vipimo ili mafuta yake yagande vizuri. Mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa mipangilio sita tofauti ya fuwele na tunayoitaka ni moja tu, ya tano, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndo maana kipande kizuri kinakatika mkononi lakini mdomoni kinayeyuka. Ukiyeyusha chokoleti na kuimimina hivi hivi fuwele zinajipanga ovyo, unapata kitu laini, chenye mabaka, kinachoacha alama za vidole. Nyeusi ipashe mpaka 45 hadi 50, ishushe mpaka 27 au 28, ipandishe tena 31 au 32 ndo umimine. Ya maziwa inafanyiwa kazi kwenye 29 hadi 30, nyeupe 28 hadi 29. Kwa darasa la familia usihangaike na kumwaga juu ya jiwe la marumaru, inapendeza kwenye video lakini watoto sita wakizunguka hilo jiwe umekwisha. Tumia njia ya mbegu: yeyusha theluthi mbili, toa kwenye moto, ongeza theluthi iliyobaki ikiwa imekatwa vipande vidogo, koroga taratibu mpaka kipimajoto kisome 31 au 32, madonge yaliyobaki yatoe. Ile ya mbegu lazima yenyewe iwe imetempwa vizuri, inang'aa na inakatika, ukiweka iliyopauka haikusaidii kitu. Kupima, chovya ncha ya kisu, iache mezani, ndani ya dakika tatu mpaka tano inatakiwa iwe imekauka na kung'aa.

Ya pili ndo ya kwetu hasa, na maelekezo mengi ya Ulaya hayaisemi kwa sababu wao hawana shida hiyo. Chumba. Umetempa sawasawa, kipimajoto kinasoma sawa, na bado kisu hakikauki, unarudia, unarudia, unaanza kuilaumu kakao, kumbe chumba kina nyuzi 30. Chokoleti haiwezi kuganda vizuri kwenye hewa ya nyuzi 30, hata ungekuwa fundi wa Ubelgiji. Inataka chumba cha 20 mpaka 22. Feni haisaidii, inazungusha hewa ile ile ya moto. Washa kiyoyozi lisaa limoja kabla wageni hawajafika, funga mapazia ya upande wa jua, na kumbuka watu wenyewe ni jiko, watu kumi na wawili kwenye chumba kidogo joto linapanda hata kama AC inafanya kazi. Miezi ya kaskazi, Januari mpaka Machi, mi nashauri darasa lianze saa mbili au saa tatu asubuhi, la alasiri lifute tu au ligeuze liwe la ganashi na kinywaji cha moto ambavyo havihitaji kutempa. Kama chumba hakishuki chini ya 25 tumia friji kwa dakika 10 mpaka 15 kugandisha, sio zaidi, nitaeleza kwa nini hapo chini.

Ya tatu ni kwamba sio chokoleti. Soma pakiti. Kuna zile za kupikia za bei nafuu ambazo mafuta ya kakao yametolewa yakawekwa mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea, hizo hazitempwi, unayeyusha na kumimina basi. Hakuna ubaya kuzitumia kupambia, ila usizichanganye na chokoleti halisi maana mafuta hayo mawili hayaelewani, inabaki laini na inapauka haraka, na mgeni aliyelipia kujifunza chokoleti ya kakao ya Tanzania anastahili kuambiwa ni kitu gani kiko kwenye bakuli lake.

Umeme ukikatika katikati ya kutempa, funga bakuli na taulo nene, usifungue mlango wa chumba, na uwe na kipimajoto cha betri. Bakuli kubwa linashika joto muda mrefu kuliko vibakuli vidogo vidogo, kwa hiyo tempa pamoja kwa kundi zima ndo ugawe wakati wa kumimina. Ukigawa gramu 100 kwa kila mtoto atempe mwenyewe, ndani ya dakika mbili zimeshapoa na kukaza.

Imepauka

Jana ilikuwa nzuri leo ina weupe juu, mzazi anaandika meseji anauliza kama imeoza. Haijaoza. Kupauka kuko kwa aina mbili na kidole chako kinatosha kupima. Sugua taratibu: weupe ukiyeyuka na kupotea na pakawa laini, ni mafuta yamepanda juu, manake haikutempwa vizuri au ilipata joto ikalainika ikaganda tena yenyewe. Weupe usipotoka na pakawa na ukavu wa mchanga mchanga, ni sukari. Hii ya sukari ndo ya friji na pwani: kipande kimetolewa kwenye ubaridi bila kufunikwa, hewa yetu yenye unyevu ikakigusa, umande ukatua juu, ukayeyusha sukari kidogo, ulipokauka sukari ikabaki juu. Ndo sababu ya zile dakika 10 mpaka 15, na ndo sababu ya kufunga kwa foili na kuweka kwenye chombo kisichopitisha hewa kabla ya friji, kisha kikitoka kisifunguliwe mpaka kifike joto la chumba.

Zote mbili zinalika bila shida. Ya mafuta iyeyushe uitempe upya inarudi kabisa. Ya sukari ukiiyeyusha itabaki na chenga, ipeleke kwenye keki au kinywaji. Cha kuogopa ni ukungu wenyewe, wenye manyoya, unaota kwenye vibonge vyenye krimu au tui vilivyokaa nje kwenye joto, hivyo tupa bila kuonja.

Inakwaruza ulimi

Wageni wametwanga kwenye kinu kwa zamu, wamechoka, wameongeza sukari, wanaonja wanasema mbona sio laini kama ya dukani. Hili sio kosa, ila ni kosa lako kama hukuwaambia mwanzo. Ulimi unaanza kuhisi chembe zikizidi takriban maikroni 30 (sehemu 30 kati ya elfu moja za milimita) na mashine za mawe zinasaga siku nzima mpaka siku tatu kufika chini ya hapo. Ule ulaini wa kisasa wenyewe ulikuja baada ya Rodolphe Lindt wa Uswisi kubuni mashine yake ya kukanda chokoleti mwaka 1879, na mpaka leo mji wa Modica kule Sicily unajivunia chokoleti yenye chembe za sukari zinazosikika kabisa. Waambie hivyo na wataionja kwa heshima tofauti.

Unaweza kupunguza mchanga lakini. Tumia sukari ya unga badala ya sukari ya kawaida. Kinu na mchi viwe vya moto, vipashe kwenye oveni au juani, sio kwa maji labda uvikaushe mpaka uhakikishe. Chenga za kakao (vipande vya punje zilizotolewa maganda) zikiwa zimetoka kukaangwa zina joto, twanga hapo hapo, zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta na yakipata joto yanatoka yenyewe na unga unageuka uji mweusi mbele ya macho ya watoto, hiyo sura yao pekee inatosha kulipa darasa. Zikibaki vumbi kavu tu, kinu ni cha baridi.

Sababu nyingine ya mchanga ni maganda. Hayasagiki. Kupepeta kwa ungo kufanyike kweli, dada au mama wa hapa atawaonyesha wageni namna ya kurusha na kupokea, au drayya ya nywele ikiwa kwenye hewa ya baridi, afu rudia kwa mkono kuchambua. Kilo moja ya punje ukishakaanga na kupepeta itakupa kama gramu 750 za chenga, panga kununua kwa hesabu hiyo.

Mi naona njia ya haki ni kufanya zote mbili: watwange waone punje inavyokuwa chokoleti, halafu wa kumimina kwenye moldi (vyombo vya kuipa chokoleti umbo) watumie iliyosagwa siku kadhaa kabla kwa mashine kutoka kakao ile ile, na uwaambie wazi kuwa hii ilisagwa kabla.

Ladha haieleweki

Chungu ya kukausha mdomo: kata punje kwa kisu kwa urefu. Ikiwa kijivu na imeshikana ndani haikuvundikwa, zambarau ilivundikwa nusu, kahawia yenye mipasuko ndo sawa. Sukari haifichi kosa hili, badilisha mzigo. Uchachu wa siki ni asidi iliyobaki, mara nyingi ilianikwa haraka mno, kaanga muda mrefu kidogo na acha uji wazi upumue. Harufu ya moshi imekaushiwa juu ya moto, haitoki. Kukaanga penyewe ni nyuzi 120 mpaka 140 kwenye oveni kwa dakika 20 mpaka 30, au kikaango juu ya mkaa moto mdogo bila kuacha kugeuza, mpaka maganda yaanze kualika na harufu ibadilike kutoka siki kwenda keki. Na punje mbichi isionjwe na mtoto, imepita kwenye mavundiko na juani chini, ina vijidudu, anayezishika anawe mikono kabla ya kugusa kingine.

Haitoki kwenye moldi

Kama moldi ni ya plastiki ngumu inayoonyesha, igeuze uangalie chini. Palipobadilika rangi pamejiachia, palipo na weusi wa kulowa bado pameshika. Rudisha kwenye friji dakika kumi. Ikigoma tena haikutempwa, ipashe utoe, uanze upya, usiigonge kwa hasira mbele ya watoto. Vitundu vya hewa ni kwa sababu hamkugonga moldi mezani baada ya kumimina, na hiyo kazi wape watoto, wanaipenda.

Watoto wametawanyika, mmoja analia

Dalili hii inakuja karibu kila mara wakati ule ule, mmeshamimina na mnasubiri. Sababu ni kwamba hawana kazi. Hapo ndo pa kuweka ufundi wa karatasi: kila mtoto anapaka rangi na kukunja kifungashio chake, anabandika maganda ya kakao, anaandika jina lake na tarehe, na mnapomaliza chokoleti imeshaganda. Ukipata kibuyu kibichi cha kakao kifungue hapo, ule utelezi mweupe wenye utamu na uchachu watoto wengi hawajawahi kuuonja hata waliozaliwa nchi hii hii inayolima kakao.

Kuhusu usalama kanuni yangu ni rahisi, hatua ya nyuzi 50 ni ya watu wazima, hatua ya nyuzi 31 ni ya watoto. Chokoleti iliyotempwa ina joto dogo kuliko mwili wa mtoto, haimuunguzi, mwache amimine na achafuke.

Mzio uliza wakati wa kubuki, sio mezani. Karanga, korosho, maziwa, lozi. Mtu mmoja akiwa na mzio wa karanga usitoe bakuli la karanga tu, siku hiyo karanga zisiingie chumbani kabisa, maana moldi na miko imezigusa na kuosha katikati ya darasa ni kukaribisha maji. Na mwezi wa Ramadhani familia nyingi hazitakuja mchana, weka darasa baada ya futari na utashangaa linavyojaa.

Imeyeyukia njiani

Waeleze kabla hawajaondoka. Gari lililopaki juani linamaliza kazi yote ndani ya dakika chache, kwa hiyo isiachwe kwenye gari. Foili, chombo chenye mfuniko, kisha kanga au taulo kuzunguka, na kama kuna barafu iwe nje ya taulo isiguse chombo. Kwenye ndege vipande vigumu viende kwenye mkoba wa mkononi, sio begi la chini linalosubiri juani uwanjani, ila ganashi na chokoleti ya kupaka walinzi wanazihesabu ni kimiminika na juu ya mililita 100 watazichukua. Ikishalainika isifunguliwe wala isisukumwe kwenye friza, iachwe imefungwa mahali penye ubaridi mpaka ishike yenyewe. Itakuwa imepauka. Ikunwe kwenye maziwa ya moto na iliki mbili zilizopondwa, kikombe kimoja gramu 30 zinatosha, na haya maelezo yaandike nyuma ya kile kifungashio alichopaka rangi mtoto.